Jumapili za Kumtafuta Mwenye Wimbo

Betri za redio zikianikwa juani hutoa harufu yake, ya chuma kilichopata joto na kitu kichachu kidogo, na aliyewahi kuijua haichanganyi na nyingine. Juma lililopita niliisikia tena. Binti yangu alikuwa ameziweka betri za tochi dirishani kwa sababu umeme ulikatika tangu juzi, na yeye mwenyewe amejinyoosha kwenye kochi na simu yake, anatazama shindano la nyimbo la kimataifa. Kijana mmoja mwenye sauti nyembamba alikuwa akiimba juu ya sonona, ugonjwa wa akili unaomkalia mtu kifuani, na chini ya picha yake watu wa dunia nzima walikuwa wakibishana huyu kijana anamaanisha nini. Nilipouliza, binti yangu aliniambia kwa ule upole wa vijana kwamba mambo hayo sisi wa zamani hatukuwa nayo. Nilimjibu kwamba sisi wa Kapata tulichambua wimbo wa namna hiyo kabla baba yake hajaanza kunyoa ndevu. Akacheka, akarudi kwenye simu. Mimi nikabaki na harufu yangu.

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya Kolwezi. Nyumba zimepangwa mistari, mbili mbili chini ya bati moja, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unaweza kumpa pole ukiwa kitandani mwako. Baba yangu aliendesha mashine kubwa kule Mashamba, kwenye mashimo ya shaba, na alirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Tata Mbuyi, karani wa ofisi ya kampuni. Tulimwita hivyo, yaani Baba Mbuyi, kwa jina la mkubwa wa mapacha wake, ambao walikuwa wameshaoa na kuhamia mbali, hivyo yeye na mkewe walibaki wawili na kuwafanya watoto wa mtaa mzima kuwa wao. Shati lake lilipigwa pasi hata siku asipokwenda popote. Mfukoni mwake kulikuwa na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, na mimi niliamini kwamba mtu mwenye kalamu nyekundu ndiye anayejua jibu la kila kitu.

Wazazi wake walikuja kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kujenga reli. Yeye alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Habari hiyo ya Kasai niliijua kama nilivyojua kwamba Mama Zaina, muuza vitenge wa nyumba ya kona, ni Mwislamu: ilikusaidia kujua kila mtu anapikiwa nini siku ya sherehe, na haikuwa na kazi nyingine.

Tata Mbuyi alikuwa na redio kubwa yenye sehemu ya kaseti, iliyovaa mfuko wa ngozi. Mwaka ule redio moja ya ng'ambo ilikuwa na shindano la nyimbo kutoka nchi nyingi. Kila Jumapili alasiri walipiga nyimbo chache, na wasikilizaji waliombwa kuandika barua kuchagua. Basi baada ya misa, na baada ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo kushuka tumboni, watu walibeba viti vyao wakaja kukaa kwenye barza ya Tata Mbuyi, pale mbele ya mlango wake. Betri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu. Yeye alizirekodi nyimbo kwenye kaseti, na wimbo ukiisha, mimi nilipewa kaseti na kalamu ya buluu niirudishe nyuma kwa mkono, tusimalize betri. Niliizungusha kalamu mpaka vidole vikaniuma, na nisingemwachia mtu mwingine kazi ile kwa kitu chochote.

Kisha kulikuwa na uchambuzi. Mtu wa mbali angeshangaa namna yetu, lakini kwetu wimbo haukuwa kitu cha kusikiliza tu. Kwetu wimbo ulikuwa na mwenyewe. Wanawake kwenye bomba la maji waliimbiana: mmoja akianza wimbo juu ya sufuria isiyorudi, wote walijua ni nani aliyeazima sufuria. Na aliyeimbiwa hakukasirika. Alitakiwa kujibu kwa wimbo mwingine, mchangamfu kuliko ule, na akishajibu jambo limekwisha, wanacheka, wanatwishana ndoo. Asipojibu, ule wimbo ulimkaa mwilini, na watu walisema ndiyo maana fulani amekonda. Kama mwenyewe alishindwa, rafiki yake aliruhusiwa kumjibia. Kwa hiyo kila wimbo wa shindano ulipokwisha, Tata Mbuyi alipunguza sauti, akatutazama juu ya miwani, akauliza swali lake lile lile, kwamba anaimbiwa nani.

"Haya. Banaimbia nani?"

Nyimbo nyingi tulizimaliza upesi. Hii anaimbiwa mpenzi, hii anaimbiwa mfalme, hii haina mwenyewe, ni kelele tu. Lakini Jumapili moja aliimba msichana kutoka nchi ya baridi ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha kwenye ramani yangu ya shule. Aliimba Kifaransa, polepole, na gita moja tu nyuma yake. Tata Mbuyi alisimamisha kaseti kila mstari akatutafsiria. Msichana ameamka, amenawa, amevaa viatu, halafu amekaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua limezama. Mama yake akimpigia simu, yeye husema hajambo. Na kiitikio kilisema kwamba ndani ya kichwa chake kuna watu wanahamisha samani mchana kutwa, wanaburuta meza na makabati, naye anawaomba watembee taratibu.

Barza ikawaka moto. Mama Zaina alisema ni mume, mume amemkimbia, hakuna mwanamke anayekaa kitandani siku nzima bure. Baba yangu alisema ni njaa, kwa sababu mtu mwenye njaa kweli husikia vitu vinaburutwa kichwani. Mama yangu, ambaye redio ile hakuipenda kabisa na alikuja kwa ajili ya maongezi, alisema huyo ametumiwa kitu, apelekwe akaombewe. Waliulizana kama kwao msichana huyo hakuna mashangazi wa kumkalisha chini. Tata Mbuyi aliwaacha wamalize. Kisha alichukua daftari lake na kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya neno moja, na mimi nikanyoosha shingo.

"Anaimbia kichwa yake mwenyewe," akasema. "Mwili iko muzima. Kichwa njo inachoka."

Walicheka sana. Nani anajiimbia mwenyewe, na atajijibu vipi? Hata Mama Mbuyi, mkewe, alijifunika mdomo kwa kitenge. Lakini Tata Mbuyi hakucheka. Alisema kwamba kichwa huchoka kama mguu unavyochoka, na kwamba huyu msichana anastahili kushinda kwa sababu amesema mbele ya dunia nzima kitu ambacho watu hukificha nyumbani. Wengine walitaka wimbo wa ngoma wa nchi ya visiwa. Walibishana Jumapili mbili, na mwishowe barua ya mtaa iliandikwa kwa jina la msichana wa baridi. Mimi pia nilitia sahihi yangu, ya kwanza maishani, na mkia mrefu kama wa Tata Mbuyi. Aliponiona nimeukazania mkia huo alinipa cheo. Tangu siku hiyo aliniita Profesa.

Ningependa kubaki kwenye Jumapili hizo. Nikizeeka nikasahau mengine yote, naomba nibakiziwe hizo.

Kazi ya mgodi ilikuwa imeanza kufa, ingawa watoto hatukuambiwa. Tuliona tu kwamba poso, ule unga wa mahindi ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi, ulichelewa, halafu ukaja nusu gunia, halafu ukaja na wadudu. Mama aliuchekecha mara tatu, na wale bilulu weusi wakakimbia kwenye ungo, nasi tukawafukuza kwa vidole. Baba alirudi mapema siku nyingi, bila vumbi. Watu wazima walianza kuzungumza kwa sauti ya chini, na tulipoingia walianza kutuuliza habari za shule.

Wakati huo huo vijana walianza kupita barabarani wakielekea mjini, kundi kubwa, na wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, sina budi kusema ukweli. Ulikuwa na makofi mawili na kishindo cha mguu, na ulisema bilulu wamemaliza chakula chetu, bilulu wafagiliwe, warudi kwao. Baba alituita ndani kila walipopita, akafunga mlango, na hakueleza. Mimi niliusikia kupitia dirishani na nikaujua wote kwa siku mbili. Nilifurahi kwamba hatimaye kuna watu wamechukizwa na ule unga.

Barza ya Tata Mbuyi ikawa tupu. Jumapili ya kwanza watu hawakuja, na ya pili hata yeye hakutoka. Viti vilibaki majumbani mwao. Asubuhi shati lake halikuonekana likienda ofisini. Nilimwuliza mama kama anaumwa, na mama alisema Tata Mbuyi ana mawazo mengi, nimwache. Nikaenda kulala chini ya ule ukuta mwembamba mchana, wakati wa joto, na nikasikia. Upande wa pili walikuwa wakiburuta samani. Meza ilikwaruza sakafu, kabati likagonga mlango, kisha kimya, kisha tena. Nikaketi kitandani. Kumbe wimbo ule ulikuwa wa kwake. Msichana wa nchi ya baridi alimwimbia Tata Mbuyi, sisi tukacheka, hakuna aliyemjibia, na sasa umemkaa mwilini.

Leo najua walikuwa wanauza vitu vyao kimoja kimoja, kwa bei ya aibu, kwa watu waliokuja kupitia mlango wa nyuma. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na cheo cha Profesa, na dawa niliijua. Wimbo hujibiwa kwa wimbo mchangamfu kuliko ule. Mimi ni rafiki yake, nina ruhusa. Nikapekua kichwani mwangu wimbo ulio mchangamfu kuliko nyimbo zote nilizozijua, na haikunichukua muda.

Ilikuwa kesho yake, kama saa nne asubuhi. Mama alikuwa bombani. Nilinawa miguu, nikavaa gauni la misa, nikaenda nikasimama kwenye barza ya Tata Mbuyi, mbele ya mlango uliofungwa, nikaimba. Makofi mawili, kishindo. Bilulu wamemaliza chakula chetu. Niliimba kwa nguvu zangu zote ili asikie hata kama yuko chumba cha nyuma. Ndani, kitu kilichokuwa kikiburutwa kilisimama. Nikajua dawa inafanya kazi, nikaongeza sauti.

Mlango ulifunguliwa. Tata Mbuyi alikuwa amevaa fulana tu, na ndevu nyeupe zilikuwa zimemwota, mimi sikujua kwamba ana ndevu. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu mpaka ukutani, na Mama Mbuyi amesimama katikati ya utupu ule, ameshika ufagio. Nilinyamaza. Yeye akaketi kwenye ngazi, taratibu, mahali alipokuwa akiketi siku zote.

"Imba yote, Profesa," akasema. "Hapana kuogopa."

Nikaimba yote, sasa kwa sauti ndogo, mpaka mwisho, pale wanapotaja bilulu warudishwe wapi. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza waimbaji wa nchi zote, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza alinitazama kana kwamba ni juu ya miwani, ingawa hakuwa nayo.

"Haya. Banaimbia nani?"

"Bilulu, Tata. Bile bya mu bunga."

"Na banasema birudie wapi?"

"Ku Kasai," nikasema, na hapo neno likanikwama, kwa sababu mara zote nilizoliimba sikuwa nimelisikiliza.

"Bilulu ya mu bunga haina kwao ku Kasai, mwana." Alinieleza kwa sauti ile ile aliyonielezea mambo ya Kifaransa, bila haraka, ili mtoto aelewe. "Bilulu ya mu wimbo njo mi. Mi na Mama Mbuyi."

Akaniwekea mkono kichwani, akainuka kwa kushika mwimo, akaingia. Mlango aliufunga polepole sana, na afadhali angeubamiza. Nilibaki nimesimama na gauni langu la misa. Mama alinikuta hapo akitoka bombani, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umenisikia, hakuhitaji kuuliza. Hakunichapa. Alinivuta ndani, akakaa chini sakafuni pamoja na mimi, na maji ya ndoo yakamwagika bila yeye kujali.

Siku ya pili yake walihama. Mkokoteni mmoja uliwatosha. Redio haikuwemo. Majirani walitazama kutoka madirishani, na baba yangu, aliyekunywa chai kwenye barza ile miaka kumi, alikaa ndani, ameupa mlango mgongo. Aliogopa. Nilipokuwa na miaka ishirini nilimhukumu vikali kwa hilo, sasa nimepunguza. Mama peke yake alitoka, akamshika Mama Mbuyi mkono mpaka barabarani.

Watu wa asili ya Kasai waliokuwa wakifukuzwa walikusanyika kwenye stesheni ya Kolwezi kungoja treni, na treni haikuja leo wala kesho. Mama alipika bukari kila siku, akaifunga kwa kitambaa, akaipeleka. Akirudi alimwambia baba habari, nami nikiwa nyuma ya pazia. Mama Mbuyi anajitahidi, alisema. Lakini Tata Mbuyi hali chakula, na tangu watoke Kapata hajafungua mdomo, hata kwa mkewe.

"Hasemi kitu," mama alisema. "Anaangalia tu njia ya train."

Nilijua ni nani aliyemfunga mdomo. Hakuna aliyenituhumu, ila nilijua. Wakubwa walikuwa wamefanya mambo makubwa zaidi kuliko mtoto na makofi yake mawili, leo naweza kusema hivyo na nikaamini karibu yote. Wakati ule niliona ni mimi tu. Siku nne nilikataa kwenda na mama. Siku ya tano nilimwambia nataka kwenda, nitabeba kapu. Njiani, chini ya lile kapu, nilifanya mazoezi ya kuomba msamaha. Niliyapanga maneno vizuri, la kwanza, la pili, na pale nitakapopiga magoti.

Stesheni ilinuka moshi, magodoro yaliyolowa mvua, na watoto wengi. Watu walikuwa wamejipangia vyumba kwa masanduku na vitenge. Kwenye chumba kimoja cha namna hiyo Tata Mbuyi alikuwa ameketi juu ya sanduku, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, chafu, na macho yake yako relini. Mama Mbuyi alinibusu shavuni, na busu hilo lilinitoa machozi kabla sijaanza. Nikamsogelea mumewe, nikapiga magoti kwenye kokoto, nikafungua mdomo.

Ndipo akageuka. Alinitazama kitambo, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi huyu, kisha sauti ikamtoka, yenye mikwaruzo kwa kukaa siku nyingi bila kazi.

"Profesa," akasema. "Ule mwana wa ku baridi. Alishinda?"

Jumapili ya mshindi ilikuwa imepita, wala Kapata hapakuwa tena na redio ya kusikia. Sikujua chochote. Maneno yangu yote ya msamaha yalikuwa tayari ulimini, na nikaona yakisemwa sasa yatamrudisha kule kwenye barza, kwenye ule wimbo mwingine. Nikayameza.

"Ndiyo, Tata. Njo alikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza?"

"Ya dunia muzima."

Akamwangalia mkewe.

"Basi banamusikia," akasema. Akarudia tena, sasa kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha mama, akakifungua, akamega bukari, akala. Mama Mbuyi aligeuka upande akashughulika na kitu kisichokuwepo. Alikula mpaka nusu ya sahani, nasi hatukusema neno, tukihofia kwamba tukisema ataacha.

Treni yao iliondoka kesho yake, tuliambiwa. Barua haikuja kutoka huko, na mapacha wake sikuwahi kuwapata, ingawa nimewatafuta. Msamaha wangu nilirudi nao Kapata siku ile, pamoja na kapu tupu kichwani.

Tulikuwa tumeshaivuka reli mama aliponiuliza.

"Ulimuambia nini?"

Nikamwambia kwamba aliniuliza nani ameshinda shindano, na mimi nimemwambia.

"Na nani alishinda?"

"Siyui, mama."

Mama alitembea hatua kadhaa. Kisha akasimama, akaliondoa lile kapu kichwani mwangu, akajitwisha mwenyewe, na akalibeba hivyo mpaka nyumbani.